Redio ya valvu: kwa nini hunyamaza, na fundi wa ridhaa aanzie wapi

Mtu anayekuta redio ya zamani stoo, kasha lake la mbao limejaa vumbi, kwa kawaida huwa na swali moja tu: bado inafanya kazi? Jibu la haraka hupatikana kwa kuchomeka plagi na kuzungusha swichi, na haraka hiyo ndiyo iliyozika redio nyingi ambazo zingefufuliwa kwa vipuri vichache. Redio iliyokaa miaka 30 bila umeme si sawa na redio iliyozimwa jana usiku. Ndani yake mna vipuri vilivyoendelea kuzeeka vikiwa vimelala, na umeme ukiingia kwa ghafla, hitilafu ya kipuri kidogo huweza kuunguza transfoma ambayo haitengenezwi tena popote. Kwa hiyo ufundi wa redio hizi unahusu zaidi mpangilio wa hatua kuliko wepesi wa mkono, na mpangilio huo haueleweki bila kwanza kujua umeme unapita wapi na unafanya nini.

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme, yaani hita, na kathodi, ambayo ikipata joto la kutosha hutoa elektroni. Elektroni hizo huvutwa na anodi, kipande cha chuma kilichopewa volti chanya nyingi. John Ambrose Fleming wa Uingereza alibuni valvu yenye kathodi na anodi pekee mwaka 1904, na kazi yake ilikuwa kupitisha mkondo upande mmoja tu. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza kiungo cha tatu, gridi, na hapo mambo yakabadilika: volti ndogo mno kwenye gridi huongeza au kupunguza mkondo mkubwa unaokwenda anodi, hivyo ishara hafifu inayoingia gridini hutoka upande wa pili ikiwa imekuzwa.

Maelezo hayo mafupi yanabeba mambo mawili yanayomhusu fundi moja kwa moja. La kwanza ni joto, ambalo kwa miongo mingi hukausha nta, hufanya mpira wa nyaya ukatike kama biskuti na hubadilisha thamani za rizista, yaani vipuri vinavyopunguza mkondo. La pili ni volti. Redio ndogo za mezani zisizo na transfoma ya umeme huwa na takriban volti 90 hadi 130 kwenye anodi, na zile kubwa zenye transfoma huwa na volti 250 hadi 350. Transista, kipuri kidogo kilichochukua nafasi ya valvu, ilipovumbuliwa katika maabara za Bell mwezi Desemba 1947, na redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa umma, Regency TR-1, ilipotoka mwaka 1954, mafundi walianza kuzoea vifaa vya volti chache. Mtu aliyejifunza umeme kwa vifaa vya betri huja kwenye redio ya valvu bila tahadhari inayotakiwa, na hilo ni jambo la kurekebisha kabla ya kushika bisibisi.

Hatari ya kwanza iko kwenye chasisi yenyewe, yaani fremu ya chuma inayobeba vipuri. Redio nyingi za mezani zilizotengenezwa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na valvu tano: 12BE6, 12BA6, 12AV6, 50C5 na 35W4. Tarakimu za mwanzo hueleza volti za hita. Tatu za kwanza huchukua takriban volti 12.6 kila moja, ya nne 50 na ya tano 35, jumla volti 122.8, ambayo inakaribia sana umeme wa ukutani wa volti 120. Wabunifu waliziunganisha hita zote kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, wakaachana kabisa na transfoma. Ni hesabu nzuri ninayoistahi, lakini ina gharama zake. Hita moja ikikatika, zote tano huzimika, na mmiliki hudhani redio nzima imekufa. Kubwa zaidi ni kwamba, kwa kuwa hakuna transfoma kati ya redio na ukuta, katika baadhi ya redio hizo upande mmoja wa umeme wa ukutani umefungwa moja kwa moja kwenye chasisi. Plagi yenye pini mbili zinazoingia vyovyote vile ikichomekwa kinyume, chasisi yote huwa na umeme hai, na kinachomkinga mtumiaji ni mbao na vifungo vya plastiki tu. Ukishang'oa kasha na vifungo, kinga hiyo haipo tena.

Ndiyo maana redio ya aina hiyo haipaswi kuwekwa mezani kwa matengenezo bila transfoma ya kutenganisha, yaani transfoma ambayo nyaya zake za kuingilia na za kutokea hazigusani popote. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Kifaa cha kupandisha volti polepole kwa kuzungusha kirungu, ambacho mafundi hukipenda, mara nyingi kina mzingo mmoja tu wa waya na hakitenganishi chochote. Kinapunguza volti, lakini waya hai unabaki kuwa hai. Vifaa hivi viwili hufanya kazi mbili tofauti, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Hatari ya pili hubaki hata baada ya plagi kung'olewa. Kapasita, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, hutumika kuchuja mkondo, na chaji hiyo hubaki ndani yake. Kapasita ya mikrofaradi 16 iliyojazwa hadi volti 350 hubeba karibu jouli moja ya nishati, kiasi cha kumrusha mtu mkono na kumgongesha kwenye kingo za chasisi. Huondolewa chaji kwa rizista ya kilo-omu 10 yenye uwezo wa wati kadhaa, iliyofungwa kwenye waya wenye kihami kizuri, na kwa thamani hizo sekunde moja inatosha. Kuigusisha na bisibisi ili itoe cheche ni desturi mbaya inayoharibu kapasita na bisibisi pia. Baada ya hapo pima kwa multimita, kifaa cha kupimia volti na upinzani, uone sifuri kabla ya kuingiza vidole, na wakati wa kupima redio ikiwa imewashwa, mkono mmoja ubaki mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kwa sababu valvu huchomekwa kwenye soketi na hung'aa zikiwashwa, kila mtu hudhani ndizo zinazoharibika. Uzoefu wa mafundi unasema vingine. Valvu nyingi za redio za nyumbani hudumu kuliko vipuri vinavyozizunguka, na kununua seti nzima ya valvu mpya kabla ya kupima chochote ni kutupa fedha. Kuzikagua kwa hatua ya kwanza ni rahisi. Juu au ubavuni mwa kioo kuna doa la rangi ya fedha, ambalo kazi yake ni kunasa hewa iliyobaki ndani. Doa likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekwisha. Kisha pima hita kwa multimita: ikionyesha upinzani mdogo, hita ni nzima. Mengine kuhusu valvu yatajulikana baadaye, redio ikiwashwa.

Wakosaji wakubwa ni kapasita, na ziko za aina mbili. Za kwanza ni zile kubwa za elektroliti, ambazo hulainisha mkondo unaotoka kwenye rektifaya, yaani valvu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo wa upande mmoja. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka kwa miaka. Zikikauka redio hutoa mvumo mzito usiopungua hata sauti ikishushwa kabisa. Zikipata shoti huua rektifaya na pengine transfoma. Za pili ni za karatasi iliyolowekwa nta au mafuta, na hizi ni hatari zaidi kwa sababu huvuja kimyakimya. Karatasi hunyonya unyevu, asidi hujijenga ndani yake, na kile kilichokuwa kihami hugeuka kuwa rizista yenye thamani kubwa. Kapasita zote za karatasi za umri huo zichukuliwe kuwa mbovu hata zikionekana safi. Katika ufundi huu ni nadra kubadilisha kipuri bila kukipima, lakini hapa inafaa.

Kuna moja kati ya hizo inayostahili kuangaliwa kwa karibu, nayo ni ile inayounganisha valvu ya kwanza ya sauti na valvu ya mwisho inayoendesha spika. Chukua redio ambayo valvu yake ya mwisho ni 6V6. Anodi ya valvu iliyotangulia ina, tuseme, volti 100. Kapasita hiyo inatakiwa kupitisha sauti, ambayo ni mkondo geu, na kuzizuia volti hizo 100 zisiifikie gridi ya 6V6. Gridi nayo imeunganishwa na chasisi kupitia rizista ya kilo-omu 470. Sasa chukulia kwamba uhami wa kapasita umeshuka hadi megaomu 10. Multimita ya kawaida, inayopima upinzani kwa betri yake ndogo, inaweza isione kasoro yoyote hapo, hasa kwa kuwa uvujaji wa karatasi mara nyingi hujitokeza volti zikiwa nyingi. Lakini gawanya volti 100 kati ya megaomu 10 na kilo-omu 470, utapata takriban volti 4.5 chanya kwenye gridi ambayo ilipaswa kuwa na sifuri.

Volti nne na nusu hazitishi mtu, ila kwa 6V6 ni nyingi sana. Takwimu za watengenezaji zinaonyesha kwamba valvu hiyo, ikiwa na volti 250 kwenye anodi, hufanya kazi gridi yake ikiwa volti 12.5 chini ya kathodi, ambayo huinuliwa juu ya chasisi na rizista yake, na hupitisha takriban miliampea 45. Ukipunguza tofauti hiyo, mkondo hupanda, anodi huanza kuwa nyekundu, na waya mwembamba wa transfoma ya spika hubeba mzigo ambao haukutengenezewa. Rektifaya nayo hulazimika kutoa zaidi, na transfoma ya umeme hupata moto. Wakati wote huo redio huendelea kutangaza, pengine kwa sauti yenye mkwaruzo kidogo, na mmiliki hufurahi kwamba imepona. Hitilafu inayoua huku kifaa kikiendelea kufanya kazi ni mbaya kuliko ile inayokinyamazisha.

Uthibitisho wake ni rahisi. Fungua mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, washa redio, kisha pima volti kati ya mguu huo ulio huru na chasisi. Multimita nyingi za kidijitali zina upinzani wa ndani wa megaomu 10, kwa hiyo kapasita inayovuja kwa kiwango cha mfano wetu itasoma karibu volti 50. Kapasita nzima itaonyesha volti kwa kitambo kifupi inapojichaji, kisha itashuka hadi karibu na sifuri. Lakini kwa sababu jaribio hilo linahitaji redio iwashwe, ushauri wangu ni kuibadilisha hii kwanza, kabla ya plagi kugusa ukuta, na kulifanya jaribio kwa ile mpya kama ukipenda kujiridhisha.

Katika kubadilisha, thamani za zamani hazilingani kikamilifu na za leo, na si tatizo: palipoandikwa mikrofaradi 0.05 weka 0.047, na palipo 0.02 weka 0.022. Kapasita za filamu za volti 630 hutosha kwa karibu kila mahali. Kwa zile za elektroliti usivutwe na tamaa ya kuongeza. Ya kwanza inayofuata valvu ya rektifaya ikiwa kubwa kupita kiasi, kila inapojazwa huvuta mkondo mwingi kwa mara moja na kuichosha valvu hiyo, hivyo baki karibu na thamani ya asili. Angalia pia upande chanya na upande hasi, kwani elektroliti iliyofungwa kinyume hulipuka. Kapasita zinazogusa umeme wa ukutani zinataka aina maalumu zilizothibitishwa kwa usalama: zenye alama ya X kati ya waya mbili za umeme, na zenye alama ya Y kati ya waya wa umeme na chasisi. Aina hizo zimeundwa ili, zikiharibika, zisiwashe moto wala kumpa mtu umeme. Kapasita za maika, zile bapa za rangi ya kahawia, kwa kawaida huachwa zilivyo.

Badilisha moja baada ya nyingine, ukilinganisha kila mara na mchoro wa saketi, na piga picha za chini ya chasisi kabla ya kukata waya wowote. Anayekata zote kumi kwa pamoja na kuanza kuchomelea mpya huishia kutafuta kosa alilolitengeneza mwenyewe. Wako wanaotoboa maganda ya kapasita za zamani, wakatoa matumbo yake na kuficha mpya ndani ili chasisi ibaki na sura yake ya awali. Ni kazi ya subira, na kwa redio adimu ina maana. Kwa redio iliyotengenezwa kwa malaki sioni haja yake. Osha mikono baada ya kushika nta na mafuta ya kapasita hizo, kwa sababu baadhi zina kemikali zenye sumu. Ukikuta karatasi ya kijivu yenye nyuzi imebandikwa ndani ya kasha juu ya valvu, usiikwangue, kwani huenda ni asbesto.

Rizista za kaboni hupanda thamani kadiri zinavyozeeka. Pima kila moja umeme ukiwa umezimwa, na ile iliyozidi thamani iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 20 ibadilishwe.

Ndipo wakati wa kuwasha unafika, na hapo balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, ni kifaa chenye thamani kuliko mashine nyingi za bei kubwa. Ifunge kwa mfuatano na redio kwenye waya mmoja wa umeme. Ikiwa redio ina shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote na kubeba volti ambazo zingeunguza transfoma. Ikiwa ni nzima, balbu itang'aa kidogo hita zikiwa baridi, kisha itafifia. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii kwa sababu upinzani wake haubadiliki kwa namna hiyo. Hakikisha pia kibao cha kuchagua volti kilicho nyuma ya redio nyingi za Ulaya kimewekwa sawasawa: penye umeme wa volti 230, na nafasi zilizopo ni 220 na 240, chagua 240. Redio nyingi hazikuwa na fyuzi. Kuongeza moja ni marekebisho ambayo hata wahifadhi wakali hawapaswi kuyapinga.

Balbu ikitulia, iondoe na upime volti. Anza kwenye kathodi ya rektifaya, halafu anodi za valvu nyingine, ukilinganisha na mchoro. Kipimo kimoja hueleza mengi kuliko vingine vyote, nacho ni volti za kathodi ya valvu ya mwisho. Kwa 6V6 yenye rizista ya kathodi ya omu 250, volti 12.5 maana yake ni miliampea 50 zinazopita, nyingi kwenye anodi na chache kwenye gridi ya pili, ambayo valvu hii inayo zaidi ya ile ya ishara. Ukisoma volti 18, ni miliampea 72, na unapaswa kuzima mara moja.

Redio ikiwa na volti sahihi lakini haipokei stesheni, tatizo limehama kutoka njia ya nguvu hadi njia ya ishara, na hapa inabidi kuelewa uvumbuzi ambao Edwin Armstrong aliufanya mwaka 1918 akiwa na jeshi la Marekani nchini Ufaransa. Badala ya kukuza kila stesheni kwa masafa yake, redio huzalisha wimbi lake yenyewe na kulichanganya na la stesheni, kisha hukuza tofauti yake tu. Ukitafuta stesheni ya kilohezi 1000, osileta ya ndani, yaani sehemu inayozalisha wimbi hilo, huwa kwenye 1455, na tofauti ni 455. Ukienda 1200, osileta huhamia 1655, na tofauti hubaki ileile. Vikuzaji vya katikati, yaani vinavyokuza tofauti hiyo, hutegeshwa mara moja tu, kwa kilohezi 455 katika redio nyingi za Marekani au thamani iliyo karibu na hapo katika nyingine.

Kwa hiyo hitilafu hutafutwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ingiza sauti ndogo kutoka kifaa kingine, kupitia kapasita, kwenye kidhibiti cha sauti. Spika ikiitikia, sehemu ya sauti ni nzima. Kisha uliza kama osileta inafanya kazi, na jibu unaweza kulipata bila kifaa chochote cha maabara: weka redio nyingine ndogo ya transista karibu, itegeshe kwenye masafa ya kati karibu na kilohezi 1455, na uzungushe ile ya valvu taratibu kupita kwenye 1000. Osileta ikiwa hai, redio ndogo itanyamaza ghafla au itapiga mluzi masafa yanapokutana. Isipofanya lolote, shuku valvu ya kuchanganya, koili yake, au mabamba ya kapasita ya kutafutia stesheni yanayogusana kwa vumbi au kupinda.

Skrubu zilizo juu ya makopo ya vikuzaji vya katikati huguswa mwisho kabisa, na mara nyingi hazihitaji kuguswa. Fundi mgeni huzizungusha kwa matumaini kwamba zimelegea, kumbe hazikuwa na kosa, na sasa redio ina hitilafu mbili. Redio ikipokea vizuri katika masafa yote, ziache. Ikiwa usikivu ni dhaifu na kila kitu kingine kimethibitishwa, zitegeshwe kwa jenereta ya ishara na bisibisi isiyo ya chuma, robo ya mzunguko kwa wakati. Katika baadhi ya redio za Marekani kapasita za maika zilizofichwa chini ya makopo hayo huota fedha na kutoa mikwaruzo kama ya radi ya mbali. Hapo kopo hufunguliwa na kapasita mpya hufungwa upande wa nje.

Baada ya hayo, iache redio iwake kwa saa nzima nje ya kasha, ukiwa karibu nayo, na usiguse transfoma kwa mkono kabla ya kuchomoa plagi. Pima tena volti za kathodi ya valvu ya mwisho, kwa kuwa uvujaji ambao haukuonekana kipuri kikiwa baridi hujitokeza kikipata joto. Zikibaki pale zilipoanza, funga chasisi ndani ya kasha lake, na hakikisha kila kifungo cha plastiki kimerudi mahali pake na skrubu zake hazichomozi nje.